Tris Speaker alisimamaje karibu vile na besi ya pili bila kupitwa na mpira?

Katuba_Diamanti

Jambo yenu wandugu. Tunaandaa somo la walinzi wa nje kwa vijana wa miaka 14 hadi 17 hapa Lubumbashi, na kwa mlinzi wa kati tumechagua mfano wa Tris Speaker, yule mchezaji wa zamani wa beisiboli wa Boston na Cleveland, Marekani. Inaandikwa kwamba alisimama karibu sana nyuma ya besi ya pili (kituo cha katikati cha wakimbiaji), hata akawa anadaka mpira na kukimbia mwenyewe kugusa besi.

Naomba wanaojua wanisaidie. Kwa nini wapigaji hawakumpitishia mpira juu ya kichwa kila siku? Zile asisti 449 zinahesabiwaje, zile auti mbili za peke yake (mlinzi mmoja kuwatoa wachezaji wawili bila msaada) zimo ndani? Na kijana wa leo anaweza kusimama vile kwenye tereni ya futiboli, maana ndiyo tuliyo nayo? Mwenye historia yake ya kucheza kwa ufupi pia aiweke.

Yaya_Ruashi

Anza na mpira, usianze na miguu. Ukianza na miguu utadhani siri yake ilikuwa mbio, na utachagua vijana vibaya.

Speaker alipoingia Boston mwaka 1907, mpira mmoja ulichezewa karibu mechi nzima. Ukiangukia kwa watazamaji, ulirudishwa. Warushaji waliupaka mate, tumbaku na udongo, wakaukwaruza. Mechi ikifika katikati ulikuwa mweusi, umelegea. Mpira wa hivyo hata ukipigwa sawasawa hauendi mbali, na wapigaji walilijua hilo. Walishika gongo juu kidogo ya kitako, wakapiga kwa mkato, wakitafuta upenyo kati ya walinzi. Hiti nyingi (mipira inayomfikisha mpigaji besini salama) zilidondoka mita chache tu nyuma ya walinzi wa ndani. Speaker alikwenda kusimama pale mipira inapoanguka, basi. Hata uzeeni alishikilia hesabu ile ile: mechi nyingi zaidi zinapotea kwa hiti ndogo inayodondoka mbele ya mlinzi wa nje kuliko kwa mpira mmoja mmoja unaompita juu ya kichwa.

Usitafute kipimo kimoja cha mita, hakusimama mahali pamoja. Kutoka besi ya nyumbani mpaka besi ya pili ni mita 38.8, na mara nyingine alisogea karibu kiasi kwamba aliweza kujipenyeza kwenye besi yenyewe, mrushaji akageuka na kumrushia mpira ili wamnase mkimbiaji aliyejisahau. Mlinzi wa kati anafanya kazi ya mlinzi wa ndani! Ni kama golikipa anayeishi nje ya boksi lake.

Ila huwezi kusimama mbele kama hujui kurudi nyuma, na hapa ndipo vijana wanapoharibika. Speaker alisikia mlio wa gongo, akageuza mgongo, akakimbilia mahali mpira utakapoanguka. Cy Young, mrushaji mkongwe wa Boston, ndiye aliyekuwa akimpigia mipira ya juu ili ajifunze kukadiria mwelekeo na umbali mapema.

Namna ya kulifundisha:

Mpira ukija juu ya bega la kulia, mguu wa kulia ndio unaofungua nyuma kwanza. Bega la kushoto, mguu wa kushoto. Hatua ya kwanza ni kufungua nyonga, si kuruka. Halafu anakimbia kama mtu anayefukuzwa, mikono ikipiga, glavu chini. Anatazama mpira juu ya bega, si kwa kugeuza kifua. Glavu inanyooshwa hatua mbili za mwisho tu.

Makosa ni yale yale kila siku. Anarudi kinyumenyume, anapoteza nusu ya mbio zake na mwisho anaanguka kwa makalio. Ananyoosha glavu mapema, mwendo unakufa. Anakimbia kwa kisigino, kichwa kinaruka-ruka na mpira machoni unacheza. Akimbie kwa vidole. Na lile kubwa: anapiga hatua moja mbele kabla ya kusoma mpira. Kwa mpira uliopigwa moja kwa moja usoni, hata Speaker mwenyewe angehukumiwa na hatua hiyo. Afundishwe kutulia nusu sekunde.

Mazoezi: mipira 10 bega la kulia, 10 bega la kushoto, 10 juu ya kichwa kabisa, ipigwe kwa gongo jembamba la mazoezi. Zaidi ya 30 miguu inachoka, na ukichoka unajifunza makosa.

Mama_Alama

Kuhusu asisti. Asisti ya beisiboli si ile ya Mazembe, haihusu bao hata kidogo. Mlinzi anaandikiwa asisti akirusha mpira, au hata akiugusa tu ukabadili njia, na mwenzake akakamilisha auti. Hata yule mwenzake akiuangusha wakati auti ilikuwa wazi, asisti inabaki kwa aliyerusha na kosa linaandikwa kwa aliyeangusha.

Kwenye karatasi ya alama kila nafasi ina namba yake. Mrushaji 1, mdakaji 2, besi ya kwanza 3, ya pili 4, ya tatu 5, shotistopi (kati ya besi ya pili na ya tatu) 6, kisha nje kushoto 7, kati 8, kulia 9. Speaker akirusha mpira na mkimbiaji akatolewa besi ya nyumbani unaandika 8-2: asisti kwa 8, auti kwa 2.

Auti mbili za peke yake haziingii kwenye 449. Akidaka mpira hewani na kugusa besi mwenyewe kabla mkimbiaji hajarudi, anaandikiwa auti mbili na asisti sifuri, maana hakuna aliyemrushia. Kwa hiyo anayechanganya hivyo viwili anamwongezea mahali na kumpunguzia mahali. Za namna hiyo kwenye msimu wa kawaida alifanya 6, na mbili kati yake zilikuja mwezi mmoja, Aprili 1918. Kuna moja nyingine ya fainali za dunia za 1912, Oktoba 15, mechi ya saba dhidi ya New York Giants: alidaka mpira wa Art Fletcher, akamkuta Art Wilson amekwisha kutoka besi ya pili, akaenda kuigusa. Hakuna mlinzi wa nje mwingine aliyefanya hivyo kwenye fainali.

Zile 449 ni rekodi ya walinzi wote wa nje, na anayemfuata, Ty Cobb, ana 392. Misimu yake mikubwa ni 1909 na 1912, asisti 35 kila mmoja. Ila mwalimu asisome asisti kama alama za mtihani. Mlinzi mwenye mkono dhaifu anajaribiwa na kila mkimbiaji, kwa hiyo anaweza kukusanya asisti nyingi huku timu yake ikiumia. Speaker wakimbiaji walimjua vizuri, na bado aliendelea kuzipata, kwa sababu alirusha kutoka karibu. Mrusho wa mita 30 hauna muda wa kupinda.

Na mkiona kitabu cha zamani kinasema dabo (hiti za besi mbili) 793 badala ya 792, msigombane. Hesabu zilipitiwa upya baadaye.

Kampemba_8

Historia yake, kama ulivyoomba.

Alizaliwa Hubbard, Texas, Aprili 4, 1888. Utotoni alianguka kutoka kwenye farasi, akavunjika mkono wa kulia, akajizoeza kurusha kwa kushoto. Alirusha na kupiga kwa kushoto maisha yake yote. Alianza kama mrushaji kwenye ligi ndogo za Texas, timu ya Cleburne mwaka 1906, wakamhamishia nje haraka. Boston walimchukua mwishoni mwa 1907, akapiga wastani wa .158 (hiti kugawanya kwa nafasi za kupiga) katika mechi 7, wakaona si kitu. Majira ya mazoezi ya 1908 yalipokwisha walimwacha kwa timu ya Little Rock kama malipo ya kutumia uwanja wao. Ndiyo, mtu mzima alilipwa kama kodi ya tereni! Akapiga .350 kwenye ligi ile, Boston wakarudi kumnunua, dola 500.

Kuanzia 1910 walisimama watatu nje: Duffy Lewis kushoto, Speaker kati, Harry Hooper kulia. Hao watatu ndio waliomruhusu Speaker kusimama mbele, jambo ambalo wengi wanalisahau. Hooper na Lewis walijua kufunga nyuma yake. Mlinzi wa kati hawezi kusogea mbele peke yake kama wale wa pembeni wamelala.

Mwaka 1912 ndio kilele cha Boston: wastani .383, hiti 222, dabo 53, homurani (mipira ya kumzungusha mpigaji besi zote) 10 zilizomfanya aongoze ligi sawa na Frank Baker, besi za wizi (kuwahi besi inayofuata bila mpira kupigwa) 52. Alipata tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Fainali ya mwaka huo ilifika mechi ya nane kwa kuwa moja ilikwisha sare. Zamu ya 10, Christy Mathewson akirusha, Speaker akapiga mpira laini wa juu karibu na besi ya kwanza, nje ya mstari. Wachezaji watatu wa Giants wakautazama, kila mmoja akimngoja mwenzake, ukaanguka katikati yao. Akarudi kwenye nafasi yake, akapiga hiti iliyosawazisha, na Larry Gardner akamaliza, 3 kwa 2. Mtu akiuliza kwa nini tunawafundisha vijana kupiga kelele «yangu», mwonyeshe mpira huo.

Boston wakashinda tena 1915. Kabla ya msimu wa 1916 mwenye timu alitaka kumkata mshahara karibu nusu. Ligi shindani iliyokuwa imepandisha mishahara ilikuwa imekufa. Speaker akakataa, akauzwa Cleveland kwa wachezaji wawili, Sam Jones na Fred Thomas, pamoja na fedha zaidi ya dola 50,000. Mwaka huo huo akapiga .386 na kumvua Ty Cobb taji la wastani, ambalo Cobb alikuwa amelishika tangu 1907 (la 1910 linabishaniwa mpaka leo kati yake na Nap Lajoie wa Cleveland). Ni taji lake pekee. Aliishi zama moja na Cobb, alale wapi?

Aliifundisha Cleveland huku akicheza, kuanzia katikati ya 1919 mpaka 1926. Agosti 1920 shotistopi wake, Ray Chapman, alipigwa kichwani na mpira wa Carl Mays na kufariki kesho yake. Timu ikaendelea ikashinda ligi, kisha fainali dhidi ya Brooklyn, mechi 5 kwa 2. Speaker mwenyewe alipiga .388 msimu huo, na mwezi Julai alipata hiti 11 mfululizo. Kama kocha alitumia hila ya kubadilisha wapigaji kulingana na mkono wa mrushaji: wa kushoto anarusha, unaweka wapigaji wa kulia, na kinyume chake. Hilo somo lenu linaweza kulichukua bila gharama.

Washington 1927, Philadelphia 1928, akamaliza. Hiti 3,514 kwa nafasi za kupiga 10,195, yaani .345. Dabo 792, hakuna aliyezifikia. Aliingizwa kwenye Jumba la Watukufu la beisiboli mwaka 1937, akafariki Desemba 8, 1958.

Kenya_Commune

Kampemba, umeruka 1926 kama mtu anayeruka shimo la barabara. Yeye na Cobb si walishtakiwa kuuza mechi?

Kampemba_8

Sikuruka, swali lilikuwa la ulinzi. Lakini sawa, kaka. Dutch Leonard, mrushaji wa zamani, alidai kwamba mechi ya Detroit na Cleveland ya Septemba 25, 1919 ilipangwa. Alitoa barua mbili, moja ya Cobb na moja ya Joe Wood, mchezaji wa Cleveland. Jina la Speaker halimo. Leonard aliitwa Chicago kusema mbele ya Cobb na Speaker, akakataa kwenda. Landis, kamishna wa beisiboli, akawasafisha wote wawili Januari 1927. Detroit walishinda 9 kwa 5, na Speaker, anayesemekana alikuwa anapoteza kwa makusudi, alipiga tripu (hiti za besi tatu) mbili siku hiyo. Kila mtu apime mwenyewe, ila asiandike «alipatikana na hatia», maana si kweli.

Katuba_Diamanti

Aksanti sana wote. Yaya Ruashi, swali la tereni bado. Futiboli ya kawaida, mita 105 kwa 68, udongo mwekundu, kiangazi ni mgumu kama saruji.

Yaya_Ruashi

Haya.

Usiweke besi ya nyumbani kwenye kona kabisa. Besi ya kwanza iko mita 27.43 kutoka nyumbani, na mlingoti wa karibu wa goli uko kama mita 30 kutoka kona. Mkimbiaji anayepita besi ya kwanza kwa kasi atakutana na chuma. Sogeza besi ya nyumbani mita 5 ndani kutoka mstari wa goli na mita 5 kutoka mstari wa pembeni, mdakaji naye apate nafasi nyuma. Magoli yakihamishika, yahamishe. Yasipohamishika, funga milingoti kwa sponji au matairi ya zamani.

Upande mfupi uwe wa kulia, yaani upande wa besi ya kwanza ndio ulio sambamba na mstari wa goli. Wapigaji wengi wanatumia mkono wa kulia na wanavuta mpira kushoto, kwa hiyo kushoto ndiko kunahitaji nafasi. Utapata mita 63 kulia, kama 100 kushoto, na katikati kabisa kama 89. Kulia ukivuka mstari hewani, hesabu dabo tu, la sivyo kila mtoto atakuwa bingwa wa homurani.

Sasa mlinzi wa kati. Chukua kijana anayekimbia mita 6 kwa sekunde, nusu sekunde ya kusoma mpira. Mpira ukikaa hewani sekunde 4, anakimbia sekunde 3 na nusu, mita 21. Akisimama mita 20 nyuma ya besi ya pili, yaani mita 59 kutoka nyumbani, anafika mpaka mita 80. Mpira mfupi wa sekunde 2 na nusu anaufuata mbele mita 12, anaudaka ukianguka mita 47. Mrudishe mpaka mita 65: nyuma anafika 86, lakini mbele anaanzia 53. Mita 6 unazompa nyuma unamnyang'anya mbele, hakuna cha bure.

Swali ni mipira yenu inaanguka wapi. Kwa siku tatu za mazoezi wekeni kijiti kila mahali mpira wa hewani ulipogusa chini katikati. Vijiti vingi vikiwa kabla ya mita 55, simama kama Speaker. Vikiwa baada ya 75, rudi nyuma na usione haya. Kwa wa miaka 14 nadhani mita 12 hadi 15 nyuma ya besi zinatosha; wa 17 wenye gongo la alumini, 25 au zaidi. Mnatumia mpira mpya, safi, si ule uchafu wa 1909. Na mko mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Boston kwa karibu asilimia 10, mpira unasafiri zaidi kidogo.

Kiangazi mpira ukigonga chini unateleza chini-chini na kupoteza kasi kidogo tu. Mlinzi asiukimbilie wima, apige goti moja chini, glavu mbele ya goti, kifua nyuma yake kama ukuta. Kwa kurusha nyumbani, alenge mdundo mmoja mita 5 hivi mbele ya mdakaji. Masika mpira unakufa kwenye tope, basi aurushe hewani mpaka kifuani mwa mlinzi wa ndani aliyejitokeza kuupokea, naye aumalizie.

Katuba_Diamanti

Na ile auti mbili ya peke yake, inafundishika?

Yaya_Ruashi

Hesabu kwanza. Mkimbiaji wa besi ya pili ameanza mbali na besi mita 4, gongo limelia, amekimbia mpaka mita 14. Anaona mpira umedakwa, anasimama, anageuka: sekunde 3 hivi mpaka arudi. Mlinzi wako kwa sekunde 3 anakimbia mita 18, toa muda wa kudaka na kujiweka sawa, zibaki 14. Kwa hiyo akidaka akiwa ndani ya mita 12 za besi, na tayari anakimbia mbele, aendelee na miguu. Zaidi ya hapo amrushie shotistopi, 8-6, asisti moja, na Mama_Alama ataiandika.

Shotistopi akae besini, asije mbele kuupokea mpira. Mlinzi wa kati akipaza sauti «yangu, besi yangu!» shotistopi atoke njiani upande wa besi ya tatu, siku zote upande huo, wasigongane vichwa. Mfanye hivyo kwa mwendo wa kutembea mara 10 kabla ya kuwaruhusu kukimbia.

Mama_Alama

Ongeza Larry Doby kwenye somo. Aliingia Cleveland Julai 1947, Mweusi wa kwanza kwenye American League (moja ya ligi kuu mbili), akiwa mlinzi wa ndani. Walipomhamishia nje mwaka uliofuata, Speaker ndiye aliyeletwa kumfundisha. Kwa waliobisha kwamba mlinzi wa ndani hawezi kugeuzwa wa kati, jibu ni hili: Cleveland ilichukua ubingwa wa dunia mwaka huo huo wa 1948, Doby akiwa kati. Kwa hiyo, Katuba, kama una shotistopi mzuri wa akiba, mjaribu kwenye namba 8 kabla ya kumtafuta yule mwenye mbio tu.